Paipu za breki, chumvi ya Pwani na kutu isiyoonekana chini ya gari

Paipu ya breki kwenye magari mengi madogo tunayoendesha ina upana wa milimita 4.76 kwa nje, na ukuta wake wa chuma una unene wa takribani milimita 0.7 tu. Unapokanyaga breki kwa nguvu, mafuta yaliyomo ndani ya paipu hiyo hubanwa kwa presha ya kati ya psi 1,000 na 1,500, na ukikanyaga kwa mshtuko kwa sababu mtoto amekatiza barabara, presha hupanda zaidi ya hapo. Tairi unayoijaza upepo kituoni ina psi 32 hivi. Ninaanza na tarakimu hizi kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao hapa Kigamboni, wakiwamo watu makini wanaobadilisha oili kwa wakati na kuosha gari kila wiki, huichukulia kutu kuwa jambo la sura ya gari: mlango ulioanza kuvimba rangi, ukingo wa buti uliotoboka, bei itakayoshuka siku ya kuuza. Kutu hiyo ni ya kuudhi, lakini haiui mtu. Kutu inayostahili kutukosesha usingizi ni ile inayokula paipu nyembamba zinazopita chini ya sakafu, kwa sababu paipu iliyoliwa nusu ya unene wake hufanya kazi sawasawa na paipu mpya hadi siku utakapohitaji breki yote.

Gari letu la nyumbani lilitoa dalili mwaka jana, wakati wa kusi. Upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto ulikuwa na mchirizi wa maji maji usiokauka, na chombo cha mafuta ya breki kilikuwa kimeshuka karibu na alama ya chini, ilhali pedi zilikuwa bado nene. Mafuta ya breki yana namna yake ya kujitambulisha: ni mepesi, yanateleza kati ya vidole, hayana weusi wa oili ya injini, na yakidondokea rangi ya gari huibambua. Nilimpigia simu fundi wangu, mzee aliyefanya kazi hii tangu enzi za malori ya mashirika ya umma, naye akaniambia, “Mwanangu, usilisogeze hata hapo barabarani, mimi nitakuja.” Alikuja na jeki na stendi zake, akalala chini, akaanza kufungua klipu za plastiki zinazoshika paipu kwenye sakafu. Paipu yenyewe, kabla na baada ya klipu, ilikuwa safi kabisa, imevaa ganda lake la kijani lililotoka nalo kiwandani. Chini ya klipu ya mwisho karibu na ekseli, mahali pasipozidi upana wa kucha ya kidole gumba, chuma kilikuwa kimegeuka magamba ya rangi ya kahawa. Alipopitisha kitambaa, magamba yalitoka kama ganda la kitunguu, na katikati yake pakajitokeza tone moja la mafuta, likakua, likadondoka.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu lina somo kuhusu mahali pa kutazama. Paipu haiozi kwanza pale inapopigwa na maji na kukauka. Inaoza pale maji yanapoingia yasitoke. Klipu hubana mchanga na vumbi dhidi ya paipu, mchanga husugua lile ganda la kinga kila gari linapotikisika, na uwazi mwembamba unaobaki hushika unyevu wenye chumvi siku nzima. Mahali pengine pa namna hiyo ni juu ya tangi la petroli, ambapo paipu hupita na hakuna anayepaona bila kulishusha tangi. Kwenye mikunjo iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Na pale paipu ya chuma inapoungana na paipu ya mpira iendayo kwenye gurudumu. Fundi anayemulika tochi katikati ya paipu, mahali panapong’aa, na kusema “hii nzima,” hajakagua chochote.

Chumvi ndiyo inayotufanya sisi wa Pwani tuishi katika hali tofauti na wenzetu wa Dodoma au Singida. Chuma kinahitaji maji na oksijeni ili kishike kutu, na katika hewa kavu gari likilowa leo hukauka leo. Chumvi huharibu mpango huo kwa njia mbili. Kwanza, hufanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kwa kuwa kushika kutu ni mwendo wa umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, kazi huenda kwa kasi. Tena kloridi iliyomo kwenye chumvi huvunja ule utando mwembamba ambao ungekilinda chuma. Pili, chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani yenyewe pindi unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Alfajiri ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa huzidi kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kwa hiyo gari lililoegeshwa chini ya paa, ambalo halijaguswa na mvua wala dimbwi, huamka likiwa limelowa katika kila pembe yenye chembe za chumvi. Anayekaa karibu na ufukwe anaujua ule ukungu mweupe unaoganda kwenye kioo cha mbele asubuhi, ambao waipa huupaka badala ya kuufuta. Ukungu huohuo upo chini ya gari, na huko hakuna waipa.

Hapo ndipo swali la kuosha linapokuja, na hapo ndipo nina ugomvi na desturi yetu. Ushauri wa kuosha chini ya gari kwa mashine ya presha ni ushauri sahihi, lakini maji gani? Visima vingi vya maeneo yetu ya karibu na bahari vina maji ya chumvi, kwa sababu maji ya bahari yameingia kwenye miamba inayohifadhi maji baridi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji ya visima hivyo kwa kuwa ni nafuu. Kijana hupiga presha kwa bidii, anasukuma maji ya chumvi hadi ndani ya klipu na ndani ya matundu ya chesisi ambako vumbi lingefika kwa shida, kisha tunalipa na kuondoka tukiamini tumelitendea gari wema. Onja maji kwa ncha ya ulimi kabla hujatoa funguo. Kama yana chumvi, ni afadhali uoshe bodi tu, na chini upitishe mwenyewe maji ya bomba nyumbani, hata kwa mpira wa kumwagilia bustani, ukilenga ndani ya matao ya magurudumu na kando ya sakafu. Nguvu ya presha si kitu kikubwa; kinachotakiwa ni maji mengi yasiyo na chumvi yatakayoiyeyusha na kuondoka nayo.

Sasa kuhusu matengenezo, ambako ndiko makosa mengi ya hatari hufanyika. Paipu ya breki ikitoboka, gari halipotezi breki zote, kwa kuwa mfumo umegawanywa mara mbili. Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mgawanyo huo ni wa mshazari, gurudumu la mbele kulia pamoja na la nyuma kushoto, na mengine mawili pamoja. Pedali hushuka karibu na sakafu, gari huchelewa sana kusimama, lakini husimama. Mgawanyo huu ni wa kukuwezesha kutoka barabarani salama. Bahati mbaya, gereji nyingi za mitaani zimeugeuza kuwa njia ya kuendelea na safari kwa miezi: paipu inayovuja hukatwa, mdomo wake hupondwa kwa nyundo au hutiwa goroli ndani ya nati na kukazwa, na gurudumu hilo linaachwa bila breki kabisa. Dereva anaambiwa, “Bosi, tumeziba, upo vizuri.” Hayupo vizuri. Gari lenye breki kwenye gurudumu moja tu la nyuma, au vibaya zaidi moja tu la mbele, huvuta upande unapokanyaga kwa nguvu, na kwenye lami iliyolowa linaweza kuzunguka. Aliyelinunua baadaye hatajua kwamba lina goroli mpaka alifungue.

Njia ya pili isiyofaa ni kukata kipande kilichooza na kuunganisha kwa kiungio cha kubana, cha aina inayotumika kwenye paipu za gesi au za mafuta ya mitambo. Viungio hivyo hushikilia paipu kwa msuguano tu na havikukusudiwa kwa presha ya breki. Kwenye paipu ya petroli, ambayo presha yake kwa injini nyingi za kisasa ni psi 40 hadi 60 hivi, kipande cha mpira maalumu wa mafuta chenye klipu nzuri kinaweza kukubalika; kwenye breki, hapana. Na hata kiungio sahihi cha breki hakiondoi tatizo la msingi. Mwezi wa Aprili 2015, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kwa wenye magari ya mwaka 2007 na ya nyuma ya hapo katika majimbo yanayomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, baada ya uchunguzi uliohusu paipu za breki zilizopasuka kwa kutu. Ushauri wao ulikuwa kuosha chini mara kwa mara, kukagua, na pale magamba yanapoonekana, kubadilisha paipu zote badala ya kipande, kwa kuwa kipande kimoja kikioza ni ishara kwamba vilivyobaki vimeishi katika mazingira yaleyale. Sisi hatuna theluji, lakini chumvi tunayo miezi kumi na miwili.

Tulipobadilisha za kwetu, kazi ngumu haikuwa kuweka paipu mpya bali kufungua ya zamani. Nati ya paipu ya breki hushikana na paipu yenyewe kwa kutu, hivyo unapoizungusha, paipu nayo hujikunja na kukatika. Na kwa kuwa chuma chake ni laini, spana ya kawaida ya mdomo wazi huila pembe zake mara moja. Inatakiwa spana ya paipu, ile iliyo kama ringi yenye pengo la kupitishia paipu, ambayo hushika pembe tano badala ya mbili. Mzee alipulizia dawa ya kulegeza kutu jioni, akarudia asubuhi, akaigonga nati taratibu kwa nyundo ndogo kabla ya kuigusa kwa spana. Mbili zilikataa. Kwa kuwa paipu ilikuwa ya kutupwa, aliikata karibu kabisa na nati, akavalisha soketi ya pembe sita juu yake, na zote mbili zikatoka. Hakupasha moto, kwa sababu hapo jirani kulikuwa na mpira wa breki na tangi la petroli, na mafuta ya breki nayo huwaka.

Paipu mpya tuliyochagua ni ya aloi ya shaba na nikeli, yenye takribani asilimia 90 ya shaba na asilimia 10 ya nikeli. Volvo walianza kuitumia kwenye magari yao mwaka 1976, na sifa zake ni kwamba haishiki kutu ya chuma, inavumilia presha, na inapinda kwa mkono bila kuvunjika. Isichanganywe na paipu ya shaba tupu, ile ya mafriji, ambayo mafundi wengine huipendekeza kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Shaba tupu ni dhaifu zaidi, na hukakamaa kwa mtikisiko hadi ikapata ufa karibu na nati. Nisingeiruhusu kwenye gari linalobeba familia.

Mdomo wa paipu nao una masharti yake. Magari mengi ya Kijapani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, na mengi ya Ulaya hutumia mdomo uliovimba kama tone. Nati zake huweza kufanana kabisa, za milimita 10 zenye hesi ya milimita moja, lakini mdomo wa aina moja hauzibi kwenye tundu la aina nyingine hata ukikazwa mpaka hesi zife. Mdomo uliokunjwa mara moja tu, kama wa paipu za friji, hupasuka. Mwangalie fundi wakati anaukunja, na mwombe akuonyeshe kabla hajaufunga: unatakiwa uwe wa duara, katikati, usio na ufa wala kovu. Fundi mzuri haudhiki kuombwa hivyo. Kisha paipu ifuate njia ileile ya zamani, mbali na ekzosi na mbali na kitu chochote kinachosogea, na irudishiwe klipu zote, kwa sababu paipu inayoning’inia hutikisika na kukatika hata kama haina kutu.

Baada ya hapo hutolewa upepo ulioingia kwenye paipu. Magari mengi yenye usukani wa kulia huanzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki, lakini mengine yenye mgawanyo wa mshazari au ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, yana mpangilio wake, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Chombo kisiachwe kikauke katikati ya kazi, maana upepo ukiingia kwenye kifaa cha ABS, baadhi ya magari hayatoi upepo huo bila mashine ya kompyuta. Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Mafuta haya hunyonya unyevu: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140, na DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Maji hayo pia huozesha paipu na silinda kutoka ndani, mahali ambapo hakuna tochi itakayofika, na ndiyo sababu ya kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi hata kama rangi yake bado inapendeza. Mwisho kabisa, injini ikiwa inanguruma, mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu zake zote na kushikilia kwa dakika nzima, na mwingine apitie kila kiungo kwa kitambaa kikavu.

Kuzuia ni nafuu kuliko haya yote, lakini kuna kuzuia kunakoharibu. Desturi ya kupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari imeenea sana, na ninaelewa mvuto wake: ni rahisi, chini hung’aa, na kweli oili hufukuza maji kwa muda. Lakini oili ya injini iliyotumika ina asidi na maji yaliyotokana na uchomaji, na oili na dizeli huvimbisha na kulainisha mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake, yaani bushi, mipira ya stabilaiza na vumbi-kava za ekseli. Tena inadondoka, na pale inapodondokea ni uani kwetu, karibu na visima vyetu. Ile lami nzito nyeusi nayo ina tatizo lake. Ikipakwa juu ya chuma kipya kilichokauka, ni kinga nzuri. Ikipakwa juu ya kutu na mchanga, hufunga unyevu ndani, na baada ya mwaka hubanduka ikiwa imeshika karatasi ya chuma kilichooza. Mara nyingi pia huziba matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, na hapo mbavu za gari hugeuka ndoo.

Ninachokiamini ni kazi ya polepole zaidi: kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, kukausha hata siku mbili juani, kusugua magamba kwa brashi ya waya hadi chuma kigumu kionekane, kupaka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforasi au taniki kwenye madoa yaliyobaki, kisha praima yenye zinki na rangi. Juu ya paipu, klipu na viungo, pamoja na ndani ya mbavu za chesisi, hupulizwa nta au mafuta ya lanolini, ambayo hutokana na sufu ya kondoo na hayagandi yakapasuka. Hubaki laini na kujifunga yenyewe yanapokwaruzwa. Ni lazima kurudia kila mwaka, na kwa sisi wa ufukweni wakati mzuri ni kabla ya masika, ardhi ikiwa bado kavu. Diski, pedi na ekzosi zisiguswe na chochote kati ya hivi.

Wanaoagiza magari kutoka Japani wana nafasi ya kulikwepa tatizo hili kabla halijapanda meli. Japani ilipitisha sheria dhidi ya tairi zenye misumari mwaka 1990, kwa sababu ya vumbi lililotokana na lami kukwaruzwa, na baada ya hapo matumizi ya chumvi za kuyeyusha barafu kwenye barabara za mikoa ya theluji yakaongezeka. Mojawapo ya chumvi hizo ni kloridi ya kalsiamu, ambayo huvuta maji hata unyevu wa hewa ukiwa asilimia 30 hivi, kwa hiyo gari likifika hapa nayo kwenye pembe zake, halikauki kamwe. Katika karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani huko Japani, herufi S huashiria kutu na C huashiria chuma kilicholiwa. Jina la mahali kwenye namba ya usajili wa Kijapani nalo husema mengi: Sapporo, Asahikawa, Aomori na Niigata ni maeneo ya theluji nzito. Mwombe muuzaji picha za chini, na hasa za paipu zilipopinda juu ya ekseli ya nyuma, si picha ya sakafu iliyopakwa rangi nyeusi jana. Kama gari limekwishafika na liko yadi, lala chini na bisibisi, gonga taratibu chini ya milango na kwenye mbavu, kisha fungua klipu moja ya paipu na utazame kilichomo ndani yake. Muuzaji akikataa klipu ile ifunguliwe, tafuta gari jingine.